Rambirambi Huwahi, Nauli Huchelewa

Daftari la chama chetu cha mtaa ni kaunta buku yenye jalada jeusi. Kwenye ukurasa wa tatu nimechora jedwali mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu: mwanachama akifariki, milioni moja, mwenza wake, laki saba, mtoto, laki tano, mzazi, laki tano. Chini yake kuna mstari tunaojivunia kupita yote: malipo yafanyike ndani ya saa 24. Na tangu niwe katibu hatujawahi kuchelewa. Mtu anakata roho alfajiri, adhuhuri turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshashushwa kutoka kwenye guta, masufuria yameshaazimwa, na mweka hazina ameshatoka kwa wakala na bahasha yake mkononi.

Ndani ya daftari hilohilo, kurasa chache mbele, kuna kumbukumbu ya kikao ambayo siipendi kuisoma. Mwanachama mmoja, mama muuza maandazi, jirani yangu nyumba ya tatu, aliomba asaidiwe nauli ya kwenda mionzi. Alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Aliomba kwa kumpitia mtu, mwenyewe amekaa nyuma kwenye mkeka, anachezea ncha ya kanga yake. Nikaambiwa nisome katiba. Nikasoma. Hakuna kifungu. Mwenyekiti akasema tumwombee, tukamwombea. Wakati wa kutoka watu watatu wanne wakampenyezea elfu mbili mbili. Tukaendelea na ajenda ya sare.

Miezi saba baadaye nilimkabidhi mwanawe milioni moja taslimu. Ndani ya saa 24.

Nimefanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ile ya kikao. Tiba ya kansa kama yake, pale ugonjwa unapotibika kwa mionzi, kwa kawaida ni vipindi takriban 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano mfululizo, na kila wiki dripu moja ya kemo, kisha kunafuata mionzi ya ndani, yaani chanzo cha mionzi kinaingizwa mwilini karibu na uvimbe. Kutoka kwetu Chanika mpaka mjini Dar es Salaam ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, na mgonjwa wa hivyo humwachi aende peke yake, basi zidisha mara mbili. Nauli nane kwa siku. Kwa siku 25 zinakuwa nauli 200. Weka shilingi 600 kila moja, unapata 120,000. Ongeza bodaboda ya kutoka kituoni, chai ya wawili na maji ya kunywa, bado hujafika robo ya ile milioni tuliyoipeleka msibani.

Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mzima wa afya aliyepata siti. Mionzi ya nyonga husumbua utumbo na kibofu. Kufikia wiki ya pili au ya tatu wengi huharisha na kwenda haja ndogo kila mara. Sasa mweke mtu huyo kwenye daladala ya saa moja asubuhi, watu wamebanana mpaka mlangoni, foleni haisogei. Mwanawe alinieleza baada ya arobaini kwamba nauli hata haikuwa imeisha siku mama yake alipoacha kwenda. Aliacha kwa sababu alichafuka ndani ya gari. Konda alikuwa mstaarabu, akasimamisha, abiria wawili wakina mama wakamfunika kwa kanga zao na kushuka naye. Kesho yake alivaa, akakaa kitandani, akasema leo hapana. Na keshokutwa hapana.

Kumbe alipokuja kutuomba nauli alikuwa anaomba bajaji, ila hakuthubutu kulitaja neno.

Wataalamu wa saratani husema tiba nzima ya shingo ya kizazi, mionzi ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki nane, na kila siku inayopotea katikati inapunguza nafasi ya kuumaliza uvimbe. Mashine haina habari kwamba ulichafuka kwenye gari. Chembe za kansa zilizokuwa zimeanza kufa zinapata likizo, zinajijenga upya. Kikao chetu hukaa Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Nimeanza na daftari letu kwa kuwa ndilo ninalolijua ndani nje, ila lina ndugu zake kila mtaa. Tumeviita vyama hivi kwa jina lisilodanganya: kufa na kuzikana. Kuugua hakumo. Tuna kamati za harusi zenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na watu wa kufuatilia ahadi, wanaokupigia simu mara tatu kwa wiki mpaka utoe mchango wa kadi ya dabo. Tunajua kusafirisha mwili kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba, kukodi kosta, kupata kibali, kuandaa chakula cha njiani, yote kwa siku mbili na watu ambao jana yake hawakuwa na hela ya umeme. Mtu asiniambie Waswahili hatuna umoja au hatujui kuratibu. Ujuzi upo, na ni wa hali ya juu. Tumeuelekeza kwenye siku moja: siku ya ndoa, siku ya maziko. Kansa ni ugonjwa wa wiki, wa miezi, na hapo ndipo utaratibu wetu wote unapokosa mahali pa kushika.

Hata huruma tunayoipeleka hospitalini ina umbo la siku moja. Tarehe 4 Februari, siku ya saratani duniani, na ule mwezi mzima wa Oktoba wa fulana za pinki, wodi hupata wageni wengi kuliko zinavyoweza kuwameza. Niliwahi kuwa mmoja wao. Ofisi yetu ya wakati huo ilipakia katoni arobaini za sabuni, sukari, na juisi za boksi. Tukavaa fulana zenye nembo, tukaingia wodi ya wanawake tukiwa na mpiga picha. Tulikaa dakika kama thelathini. Wakati wenzangu wanajipanga kwa picha, bibi mmoja wa kitanda cha dirishani alinivuta mkono, akanong'ona: mwanangu, una chaja ya pini ndogo? Simu yake ya tochi ilikuwa imezima siku tisa zilizopita. Alikuwa ametoka mkoani, ameacha mjukuu wa miaka sita kwa jirani, hajui mtoto anakula nini. Kati ya watu 22 tulioshuka kwenye basi, hakuna aliyekuwa na chaja ya pini ndogo. Tulimwachia sabuni sita.

Siidharau sabuni. Sabuni ni sabuni, na mtu aliye wodini mwezi wa pili anaihitaji. Ninachosema ni kwamba tulikwenda pale tukiwa tumeshaamua wanahitaji nini, na tuliondoka kabla ya kuulizwa. Kuna mtu katika kila hospitali kubwa ambaye angeweza kutuambia kabla hatujapakia gari: afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayejua nani hana ndugu, nani amefukuzwa alipofikia, nani hajaonekana kwenye mionzi tangu Jumatano. Hatukumtafuta. Tulimtafuta mkurugenzi, kwa sababu ndiye anayepigwa picha ya kukabidhiwa.

Dar es Salaam ukisema fulani amepelekwa Ocean Road, huhitaji kuongeza neno. Sauti inashuka yenyewe. Majengo yale ya pembeni mwa bahari, yaliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890 kwa ajili ya kujitibu wao, yakaja kuwa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge ya 1996, yamekuwa jina la ugonjwa. Barabara yenyewe ilibadilishwa jina 2013, ikaitwa ya Barack Obama, lakini hospitali ikabaki na jina lake na jina likabaki na hofu yake. Kwa miaka mingi palikuwa ndipo mahali pekee pa mionzi nchini, kwa mashine za kobalti. Mwaka 2018 zikaja mashine mbili za kisasa za mionzi, ziitwazo LINAC. Leo Bugando kule Mwanza nako kuna mionzi, na KCMC ya Moshi ina kituo chake cha saratani, kwa hiyo safari imepungua kwa wengi. Haijaisha. Mtu wa Kigoma anayekuja Dar kwa treni ya kati yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kwao, na ndugu yake wa mjini anaishi chumba kimoja Mbagala.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa wa mionzi ni mgeni wa siku arobaini asiyeweza kushika jembe, anayetaka uji wake uchemshwe peke yake, anayeamka usiku mara nne, na ambaye harufu ya kidonda chake, kama ni kansa ya titi iliyopasuka au ya kizazi, inajaa chumba. Namhurumia mgonjwa, na namhurumia pia yule mke wa mpwa wake aliyelala sakafuni na watoto wiki tano. Huyo hakuna anayempelekea sukari. Anapochoka, anachoka kimyakimya: chai inachelewa, mlango unafungwa kwa nguvu kidogo, mpwa anaanza kuuliza "hivi bado siku ngapi?" Mgonjwa anaelewa. Anaaga, anasema ameambiwa na daktari apumzike kwanza, anapanda basi. Hospitali itamwandika kama mtu aliyeacha tiba.

Neno hilo, kuacha tiba, lina uongo ndani yake. Linamfanya mgonjwa awe ndiye aliyeamua.

Waliolielewa hili mapema ni wanaotibu watoto. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye kansa hupona. Katika nchi nyingi za kipato chetu hawafiki watatu. Dawa ni sehemu ya tofauti hiyo, kuchelewa kugundua ni sehemu, lakini mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba familia hurudi nyumbani katikati ya tiba: mvua zimeanza, shamba linasubiri, kuna wadogo wengine wanne. Muhimbili, kwenye wodi za watoto wenye saratani, shirika la Tumaini la Maisha linalofanya kazi na hospitali halikuishia kwenye dawa. Liliweka malazi ya mama na mtoto kati ya dozi na dozi, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, mwalimu, michezo. Ukiliangalia kwa jicho la mhasibu utaona matumizi mengi ambayo si ya kitabibu. Ukimwuliza mama kutoka Songea kwa nini hakukimbia, hatakutajia jina la dawa. Atakwambia alikuwa na pa kulala.

Jirani zetu Waganda walilijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini humo, ile ya Mulago, iliharibika kabisa, na kwa muda mrefu nchi nzima haikuwa na mionzi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Tiba ya bure, safari ya usiku mmoja kwa basi. Swali lililobaki mezani likawa lilelile la mama muuza maandazi: nani atalipa nauli, na wiki zote hizo watalala wapi? Wamarekani nao, kwa utajiri wao wote, walifungua nyumba ya kwanza ya kulaza bure wagonjwa wa saratani kule Charleston mwaka 1970, na leo wana zaidi ya thelathini. Kumbe hata penye barabara nzuri na bima, mtu anayetibiwa mbali na kwake anahitaji kitanda.

Nilikuwa nafikiri huruma ni tabia, kwamba nesi mmoja anayo na mwingine hana. Bado naamini tabia ipo. Nimeona muuguzi akimpiga mgonjwa jicho ambalo ningelipenda kulisahau. Ila sehemu kubwa ya kile wagonjwa wanachokiita kuhurumiwa ni vitu vyenye bei na utaratibu. Mfano wa karibu ni harufu niliyoitaja. Watu wanadhani haina dawa, ndiyo maana mgonjwa anafichwa chumba cha uani, na waume wengine wanahama. Wauguzi wa tiba shufaa hutumia vidonge vya kawaida vya metronidazo, hivihivi tunavyovijua kwa tumbo la kuhara. Huvisaga na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda baada ya kukisafisha kwa maji ya chumvi. Siku chache harufu inapungua sana. Mgonjwa anarudi sebuleni, wajukuu wanapanda mapajani. Dawa ya bei ya maandazi imefanya kazi ambayo mahubiri ya kuwataka ndugu wampende yalishindwa.

Hilo neno shufaa nalipenda. Asili yake ni kuombea, kusimama mbele kwa niaba ya mtu asiyeweza kujisemea. Aliyelichagua kwa huduma ya kupunguza maumivu alijua Kiswahili chake. Na jambo la kwanza ambalo mtu mwenye maumivu ya kansa anahitaji kusemewa ni mofini.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha hospisi, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kule Kampala akiwa na kanuni rahisi kuliko watu walivyotarajia: unga wa mofini, maji safi, kihifadhi, na rangi kidogo ili watu wasichanganye nguvu za chupa, kijani ikiwa ile nyepesi. Dawa ya kunywa, inayokaa nyumbani, ambayo hata mtu asiyesoma anaweza kuipima. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliofundishwa maalumu kuiandika, si madaktari peke yao, kwa sababu wanakijiji hawana daktari, wana muuguzi. Kwetu Ocean Road nao huichanganya. Hospitali za Kanisa la Kilutheri, KKKT, ikianza Selian ya Arusha, zimezoea kwa miaka kuwafuata wagonjwa majumbani. Msingi upo, basi. Kinachokosekana mara nyingi ni watu wa nyumbani kuiamini. Mofini kwetu ina jina baya: dawa ya kufia. Ndugu wanaificha kabatini, wanampa panadoli, wanangoja "maumivu yazidi kwanza".

Niliona namna muuguzi mmoja alivyolimaliza hilo. Hakutoa hotuba. Alichukua kipande cha boksi la dawa akachora jua linachomoza, akaandika saa 12. Jua liko juu kidogo, saa 4. Jua limeanza kuinama, saa 8. Jua linazama, saa 12. Mwezi, saa 4 usiku, na pembeni ya mwezi akachora vijiko viwili, maana dozi ya usiku huwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe alfajiri. Kisha akamwambia binti wa mgonjwa: mama yako asikuombe. Akiomba ujue umechelewa. Na mpe papai, maana dawa hii inafunga choo. Dakika kumi na tano labda. Kile kipande cha boksi kilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi na kikakaa pale mpaka mwisho.

Dakika kumi na tano ni nyingi kwenye kliniki yenye foleni mpaka nje, najua. Lakini kuna dakika zinazopotezwa kwa uongo. Familia inamsubiri daktari mlangoni: tafadhali, mama asiambiwe. Mama anaambiwa ana "uvimbe", ana "vidonda". Anaambiwa hivyo akiwa amelala chini ya bango la kansa, katikati ya wanawake ishirini wenye kansa, wanaozungumza kansa toka asubuhi. Anajua. Anajifanya hajui ili asiwaumize watoto, nao wanajifanya ili wasimwumize yeye, na kila mtu analia kivyake chooni. Katika hospitali moja ambayo jirani yangu alipitia kabla ya kufika kwenye mionzi, daktari alimweleza mwanawe majibu kwa Kiingereza, yeye ameketi katikati yao kama kifurushi. Alichoambulia ni neno "stage" na sura ya mwanawe. Aliniambia mwenyewe: nilijua nimekufa, ila sikujua lini, na hakuna aliyeniambia kwamba kuna tiba. Miezi mingine miwili ikapotelea kwa mganga. Tukimlaumu kwa mganga, tukumbuke mganga aliongea naye Kiswahili, akamtazama usoni.

Kuna watakaoniambia haya yote ni kazi ya serikali, nami nalipa kodi. Nakubali nusu. Kununua LINAC, kufundisha wataalamu, kuhakikisha dawa za kemo zipo dirishani, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana 2018 na kugeuzwa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14 mwaka 2024, hayo ni ya serikali, na yasipofanyika tupige kelele. Nitakwenda mbali zaidi: chama cha mtaa kisichangishe hela ya dawa ambayo ilipaswa kuwepo kwenye stoo ya hospitali ya umma. Tukifanya hivyo tunaziba ufa kwa karatasi, na mwakani stoo itakuwa tupu zaidi kwa kuwa wamejua tutachanga. Msamaha wa matibabu upo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Tudai vifanye kazi. Ila bima hulipia kilicho ndani ya geti. Hakuna waziri atakayemtafutia mama wa Chanika mtu wa kukaa naye kwenye bajaji akiwa na ndoo yenye mfuniko miguuni. Hakuna kifungu cha bajeti cha kumpikia uji mke wa mpwa ili naye apumzike Jumapili. Hilo ni letu, na ni dogo kiasi kwamba linatutia aibu kulijadili kwenye kikao.

Mwaka jana nilipeleka pendekezo la kubadili katiba. Sikutegemea upinzani, nikaupata. Mzee mmoja, fundi cherehani anayeheshimika, aliuliza ugonjwa ni nini: presha ni ugonjwa? sukari je? mgongo? Alikuwa na haki. Mfuko ungekauka kwa miezi miwili. Tukakubaliana iwe tiba yenye ratiba ya hospitali ya zaidi ya wiki mbili mfululizo, kwa barua ya ustawi wa jamii. Kisha mama mmoja akauliza lile ambalo wengi walikuwa nalo kooni: mtu tumempa hela ya ugonjwa, halafu akafariki, tutatoa tena milioni? Hoja ikazunguka nusu saa. Wengine walitaka tukate. Akasimama mwenye bajaji, kijana ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: na asipofariki? Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokamatwa. Hakuna aliyekuwa amefikiria hesabu ya upande huo.

Kifungu kikapita kwa kura 31 kwa 12. Hatutoi fedha mkononi. Tunalipa usafiri, na kila wiki kuna nyumba mbili za zamu ya chakula, moja kwa mgonjwa, moja kwa anayemuuguza. Kwa mgonjwa wa kwanza nilichora visanduku 25 kwenye ukurasa mpya wa kaunta buku. Bajaji hufika saa 11 alfajiri kabla ya foleni, na nyuma ya siti mwenyewe ameweka kanga mbili kuukuu, mfuko wa plastiki na ndoo ndogo, hatukumwambia aweke. Jana mweka hazina ametia tiki kisanduku cha 17. Mwenye bajaji anatudai siku tatu.